Kizimba cha kufugia nondo kutoka Lindi: juu kimetimia, chini kimepungua

Kizimba ninachokitathmini hapa hutengenezwa mjini Lindi na fundi seremala anayeshirikiana na fundi cherehani wa jirani yake, nacho kimekusudiwa watu wanaotaka kulisha viwavi na kuwatazama hatua kwa hatua hadi wawe vipepeo au nondo. Wanunuzi wake wengi ni walimu wa sayansi pamoja na wazazi wachache wenye watoto wadadisi, na bei yake wakati nilipokinunua ilikuwa shilingi 55,000 bila kuhesabu nauli ya kukisafirisha. Ni kazi ya mafundi wanaojua wanachokifanya, na nitakisifu mahali panapostahili sifa. Hata hivyo ni haki niseme mapema kwamba aliyekibuni alimfikiria mdudu kuwa kiumbe wa majani na hewa tu, akasahau kwamba nondo wengi wakubwa wa huku kwetu kusini hugeuka wakiwa wamejifukia ndani ya udongo. Kasoro hiyo moja ndiyo iliyonisukuma kuandika.

Nilikijaribu kwa kumfuga Acherontia atropos, nondo mkubwa mwenye alama inayofanana na fuvu la mtu juu ya kifua chake, ambaye kwa ufupi nitamwita nondo fuvu. Ni mdudu wa Afrika, ingawa wengine huhama kila mwaka kuvuka bahari hadi Ulaya, na Linnaeus, mwanasayansi wa Sweden, alimpa jina lake la kisayansi mwaka 1758. Kwa mkazi wa Lindi ana faida moja kubwa: kiwavi wake hula ufuta. Kutoka Mtama hadi Ruangwa na Nachingwea, msimu wa ufuta ukifika mtu hahitaji kwenda mbali kutafuta chakula cha kumpa, kwa kuwa shamba huanzia nyuma ya nyumba. Ufuta ukikosekana, kiwavi huyo hukubali pia majani ya jamii ya mbilingani, ya viazi mviringo na ya tumbaku, ingawa kiwavi aliyekwisha kuzoea mmea mmoja si rahisi kumhamishia mwingine akiwa mkubwa. Zaidi ya hayo, nondo huyu ni mtihani mgumu kwa kizimba chochote. Kiwavi wake hufikia urefu wa sentimeta 12 hadi 13, na nondo mwenyewe akitandaza mabawa anaweza kupima sentimeta 13 kutoka ncha hadi ncha. Kizimba kinachomfaa huyu kitawafaa karibu wote wengine.

Fremu ni ya mbao za mkongo zilizopigwa randa vizuri, yenye kimo cha sentimeta 90 na kitako cha sentimeta 50 kwa 50. Mkongo ni mti mzito, kwa hiyo kizimba hiki si cha kubebwa kila siku kutoka darasani hadi nyumbani; kitafutie mahali pake na kikae hapo. Pande tatu pamoja na paa vimefunikwa kwa neti nyeupe iliyokazwa kwa vipande vyembamba vya mbao, upande wa mbele ni mlango wa neti wenye zipu ndefu, na ubavuni kuna dirisha dogo lenye mkono wa kitambaa unaopitisha mkono wa mtu mmoja na kujifunga nyuma yake. Hilo dirisha dogo ni ubunifu wa kupongezwa, na nitalirudia nitakapofika kwa nondo mwenyewe.

Neti yake imechaguliwa vizuri. Mnunuzi asiyewajua viwavi anaweza kudhani kwamba kazi ya neti ni kuwazuia wasitoroke, wakati kazi yake kubwa zaidi ni kuwazuia maadui wasiingie. Wapo nzi wa vimelea ambao hutaga juu ya viwavi, na mabuu yao huingia mwilini na kumla kiwavi kutoka ndani huku yeye akiendelea kula majani. Wapo pia nyigu wembamba wanaofanya kazi hiyohiyo kwa kumchoma kiwavi na kuyaacha mayai yao mwilini mwake. Kiwavi aliyeokotwa shambani akiwa mkubwa huenda tayari amebeba wageni hao, na mwalimu akashangaa kuona mahali pa nondo panatoka nzi. Matundu ya neti hii ni madogo kiasi cha kuwazuia nzi hao, na mishono ya pembeni haikuacha mwanya hata mmoja nilioweza kuuona. Fundi cherehani hapo hana deni.

Dhidi ya sisimizi na siafu, fundi seremala ametokeza miguu minne chini ya sakafu ili kila mguu usimame ndani ya kopo la maji. Ni ujanja wa zamani wa makabati ya vyakula, na bado unafanya kazi ilimradi maji yasiachwe yakauke na kizimba kisiguse ukuta. Kwa bahati mbaya makopo hayaji pamoja na kizimba. Mnunuzi hujitafutia mwenyewe.

Kuhusu hatua ya yai sina mengi ya kusema, kwa kuwa kizimba hakina cha kuongeza wala cha kupunguza. Jike hutaga mayai mojamoja, mara nyingi upande wa chini wa jani, kila yai likiwa na urefu wa milimeta moja na nusu hivi na rangi ya kijani iliyopauka inayobadilika kadiri kiinitete kinavyokua. Katika joto la pwani hayachukui muda mrefu kuanguliwa. Nakushauri uliache jani lenye yai kwenye kikopo kidogo chenye mfuniko, kwa sababu katika kizimba cha kimo cha sentimeta 90 kiwavi mchanga wa milimeta chache atakupotea, na utatumia asubuhi nzima kumtafuta kwenye pembe za neti.

Kiwavi ndiye anayekifanya kizimba hiki kionekane kimestahili bei yake. Anapoanguliwa huwa na rangi ya manjano iliyochanganyika na kijani, na nyuma ya mwili wake husimama pembe nyeusi ndefu isiyolingana kabisa na udogo wake. Hupitia hatua tano za ukuaji, na kila mwisho wa hatua huacha kula, hujishikiza kwenye jani au kikonyo, kisha huvua ngozi ya zamani na kutoka na mpya iliyo kubwa zaidi. Katika kipindi hicho cha kuvua ngozi hatakiwi kuguswa wala kung'olewa mahali alipojishikiza. Watoto hudhani amekufa na hutaka kumtikisa, mwalimu awakataze.

Katika hatua ya mwisho hutokea rangi tatu tofauti, na hizi zinaweza kuonekana hata kwa viwavi walioanguliwa kutoka mayai ya jike mmoja. Wapo wa kijani, wapo wa manjano, na wapo wa hudhurungi. Wale wa kijani na wa manjano wana michirizi ya mshazari ubavuni, yenye rangi ya buluu inayoelekea zambarau na iliyopakana na manjano, huku mgongo ukiwa umenyunyiziwa vidoa vidogo vya giza. Yule wa hudhurungi hana madoido hayo ya rangi. Mwili wake una mchanganyiko wa rangi za magome, na sehemu ya mwili iliyo nyuma tu ya kichwa ina mabaka meupe, kiasi kwamba mtu anaweza kumpita akiwa kwenye shina kavu bila kumtambua. Pembe ya nyuma nayo hubadilika: ile ya utotoni ilikuwa nyembamba na imenyooka, hii ya ukubwani ni nene, ina vinundu vingi na imepinda chini kisha ikarudi juu nchani. Haichomi wala haina sumu, na wanaoiogopa wanaogopa umbo tu.

Akisumbuliwa, kiwavi mkubwa hasogei sana. Huinua sehemu ya mbele ya mwili, huvuta kichwa ndani, na kisha hugonganisha taya zake akitoa sauti ya kukatika-katika inayosikika vizuri katika chumba tulivu. Neti nyeupe ya kizimba hiki humwezesha mtazamaji kuona na kusikia hayo yote bila kufungua mlango, jambo ambalo ndoo za plastiki haziruhusu. Mwanga wa mchana unaingia kutoka pande zote, rangi zinaonekana kama zilivyo shambani, na hewa inapita kiasi kwamba majani hayajengi ukungu hata katika miezi ya mvua, ambapo Lindi yote huwa na unyevunyevu unaoharibu vitu.

Kwa ajili ya chakula, ndani kuna kibao chenye matundu matatu ambamo chupa za maji huingizwa zisimame bila kuanguka, na matawi ya ufuta huchomekwa humo. Nilitumia ufuta wa mbegu ya Lindi 2002, mojawapo ya mbegu zilizotoka kituo cha utafiti cha Naliendele kule Mtwara, na matawi yaliyokatwa alfajiri yalibaki na nguvu hadi kesho yake. Mdomo wa kila chupa sharti uzibwe kwa pamba au kipande cha kanga kuukuu kuzunguka shina, la sivyo kiwavi hushuka na kuzama. Fundi angeweza kabisa kuweka vizibo vyenye tundu dogo katikati. Ni jambo la shilingi mia chache. Kumbuka pia kwamba ufuta uliopuliziwa dawa haufai, hata ikiwa imepita muda, na mashamba mengi hupuliziwa kwa ajili ya wale viwavi wadogo wanaofunga majani na maua kwa nyuzi na kutoboa vitumba. Omba majani kwa mkulima unayejua hakupulizia, au panda mistari yako miwili nyuma ya nyumba.

Chini ya kibao cha chupa kuna trei ya bati inayovutwa kama droo. Humo huanguka kinyesi cha viwavi, ambacho ni vipande vigumu, vyeusi, vyenye mifereji ya urefu iliyochongoka vizuri. Kukua kwa vipande hivyo ni njia rahisi ya kufuatilia kukua kwa kiwavi hata pale ambapo mwenyewe amejificha kati ya majani, na darasa linaweza kuvipima kwa rula kila asubuhi. Trei hutoka bila kufungua mlango, bila kutikisa matawi, na husafishwa kwa dakika chache. Kama tathmini ingeishia hapa, ningempa fundi sifa zote alizozitarajia.

Lakini trei hiyohiyo ndiyo penye tatizo, kwa kuwa kina chake ni sentimeta 6 tu, na fundi huiuza kwa maelezo kwamba ukitaka kuweka udongo, uuweke humo. Kiwavi wa nondo fuvu akishiba huacha kula, rangi zake hufifia na kuwa chafu, hushuka kutoka kwenye mmea na kutembea kwa haraka akitafuta mahali pa kuchimba. Porini hushuka ardhini kwa kina cha sentimeta 15 hadi 40. Huko hujitengenezea chumba chenye kuta laini zilizoshindiliwa kwa mwili wake, kikubwa kiasi cha kumruhusu avue ngozi yake ya mwisho na kugeuka pupa, yaani hatua ya kutulia ndani ya ganda kabla ya kuwa nondo, bila udongo kumgandamiza. Chumba hicho ni sehemu ya maumbile yake sawasawa na pembe na michirizi. Hakisuki kwa hariri kama wafanyavyo nondo wengine wanaojifunga kwenye vifukofuko juu ya matawi. Anategemea udongo wenyewe ushikane. Kina cha sentimeta 6 hakimpi nafasi ya chumba chochote cha saizi ya mwili wake.

Matokeo yake ni kwamba kiwavi huchimba, hugonga bati, hutoka, huzunguka, hujaribu tena pembeni, kisha hupanda neti na kuzunguka usiku kucha, akitumia nguvu ambazo angezihitaji katika mageuzi. Anayekata tamaa hatimaye hugeuka pupa juu ya udongo, akiwa wazi, na pupa ya namna hiyo huwa katika hatari ya kukauka au ya kutoka ikiwa na kasoro. Hili si jambo dogo la kurekebishwa kwa maelezo ya matumizi. Ni kipimo cha kizimba chenyewe.

Nilichofanya ni kuiacha trei ibaki ya kinyesi na kuweka ndoo ya lita 20 ndani ya kizimba, ikiwa na udongo wenye unyevu kidogo hadi karibu na ukingo, pamoja na kipande cha ubao kilichoegemezwa ili kiwavi apande kutoka sakafuni. Ndoo iliingia kupitia mlango wa zipu kwa shida kidogo, ikachukua sehemu kubwa ya sakafu, na ikanilazimu kuondoa kibao cha chupa. Viwavi waliingia ndoo usiku uleule na hawakuonekana tena. Kuhusu aina ya udongo, kichanga kitupu cha karibu na ufukwe hakifai kwa kuwa huporomoka na chumba hakisimami, na mfinyanzi wa mabondeni hukauka na kuwa mgumu kiasi cha kumfungia nondo ndani. Udongo mwekundu wa kichanga unaolimwa korosho na ufuta ndio uliokuwa bora, na sishangai, kwa kuwa ndimo wanamoishi.

Pupa yenyewe ina urefu wa sentimeta 7.5 hadi 8 na ni laini, ya hudhurungi iliyokolea na yenye kung'aa mithili ya mbao ya mkongo iliyopakwa vanishi. Kwa wanafunzi waliowahi kuona pupa za nondo wengine wa jamii hii kuna cha kulinganisha: baadhi ya nondo wenye mirija mirefu ya kufyonzea chakula huwa na pupa ambayo ala ya mrija imechomoza mbele na kujikunja mfano wa mpini, lakini ya nondo fuvu imelala bapa juu ya mwili, kwa sababu mrija wake ni mfupi na mnene. Ukitaka kuwaonyesha watoto, fukua mara moja tu, baada ya wiki mbili hivi tangu kiwavi aingie, wakati ganda limekwisha kuwa gumu. Ukifukua mapema unavunja chumba wakati ngozi ingali laini. Muda wa kukaa chini hutegemea joto na unyevu. Katika hali ya joto la kwetu wiki chache hutosha, ingawa pupa inaweza kukawia zaidi udongo ukipoa au ukikauka.

Nondo anapotoka, kizimba hurudia kuwa chombo bora. Nondo fuvu hutoka udongoni akiwa na mabawa madogo yaliyokunjamana, na sharti apande haraka mahali penye kushikika ili aning'inie, mabawa yajazwe na maji ya mwili na yanyooke kabla hayajakauka. Akikosa mahali pa kupanda, mabawa hukauka yakiwa yamekunjamana na hataruka maisha yake yote. Neti ya kizimba hiki ina mikwaruzo ya kutosha kwa kucha zake, na kimo cha sentimeta 90 kinampa nafasi ya kuning'inia bila mabawa kugusa chochote. Vizimba vya kioo ambavyo baadhi ya shule huvipenda kwa sababu ya mng'ao wake vinashindwa hapa kabisa.

Mwenyewe ni mdudu wa kutazamwa kwa muda mrefu. Mabawa ya mbele ni ya hudhurungi ya giza yenye mawimbi ya weusi na manjano iliyofifia, pamoja na nukta moja ndogo iliyopauka katikati ya kila bawa, hivyo akitua kwenye gome mchana hakuna wa kumwona. Mabawa ya nyuma, ambayo huyaficha chini ya yale ya mbele, ni ya manjano yenye mikanda miwili myeusi. Tumbo nalo ni la manjano lenye pete nyeusi, likiwa na mstari mpana wa kijivu kinachoelekea buluu katikati ya mgongo. Juu ya kifua ndipo ilipo ile alama: eneo la manjano iliyopauka lenye vidoa viwili vyeusi mahali ambapo macho ya fuvu yangekuwa. Kwa sababu yake Wazungu wa zamani walimwogopa wakidai analeta kifo, na jina Atropos wamelitoa kwa yule wa hadithi za Kigiriki anayeukata uzi wa maisha ya mtu. Huku kwetu wapo wasemao kwamba nondo au kipepeo akiingia ndani, mgeni yuko njiani. Niliona wanafunzi wa Lindi wakibishana kama ni fuvu, ni nyani au ni uso wa bundi, na nadhani ubishi huo una manufaa zaidi kuliko hofu.

Ukimgusa hulia. Huvuta hewa kupitia mrija hadi kwenye koo, na kijikope kilichomo humo hutikisika na kutoa mfululizo wa milio mifupi. Kisha huisukuma hewa nje na kutoa sauti nyembamba kali zaidi. Madume na majike wote hufanya hivyo, na darasa zima litaruka nyuma mara ya kwanza. Mrija huohuo mfupi unaeleza maisha yake ya usiku. Haumwezeshi kufyonza maua yenye koo refu kama ndugu zake, bali una ncha kali ya kutoboa vifuniko vya nta, na nondo huyu huingia kwenye mizinga ya nyuki usiku na kufyonza asali kutoka kwenye masega. Nyuki hawamshambulii mara moja kwa kuwa mwili wake una kemikali zinazofanana na harufu ya nyuki wenyewe, ingawa wapo wanaogunduliwa na kuuawa humo ndani. Mbali na asali hufyonza utomvu wa miti na maji ya matunda yaliyoiva kupita kiasi.

Hapo ndipo lile dirisha la ubavuni lenye mkono wa kitambaa linapokuwa la thamani. Nondo fuvu aliyefungiwa hajui kutafuta asali kwenye kisahani. Mara nyingi lazima umshike kwa upole kwa vidole viwili, umsogeze kwenye asali iliyochanganywa na maji, na umnyooshee mrija kwa sindano butu au kijiti hadi aonje, ndipo aendelee mwenyewe. Kazi hiyo ikifanywa kupitia mlango mkubwa, nondo mwingine atakutoka. Kupitia dirisha dogo, mkono mmoja unaingia, kitambaa kinajifunga kwenye kifundo, na hakuna anayetoka. Fundi aliniambia aliliweka kwa ajili ya kubadilisha maji ya chupa. Kwa maoni yangu amebuni kitu kikubwa kuliko alichokusudia.

Nondo asikae humo zaidi ya usiku mmoja au miwili. Kwanza, akiona taa hujirusha kwenye neti na kupukutisha magamba ya mabawa hadi yachakae, kwa hiyo kizimba kiwekwe mbali na taa ya baraza. Pili, huyu ni msafiri. Mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya watafiti waliowabandika nondo fuvu vifaa vidogo vya kurusha mawimbi ya redio nchini Ujerumani na kuwafuata kwa ndege ndogo usiku. Waliwaona wakishika njia iliyonyooka kuelekea milima ya Alps hata upepo ulipobadilika, na umbali uliofuatiliwa ulifikia kilometa 80 hivi. Sentimeta 50 za mbao si makazi ya kiumbe wa namna hiyo. Mfungulie mlango jioni, mbali na mizinga ya jirani kama jirani anafuga nyuki, ingawa nondo mmoja hafyonzi asali ya kumtia mfugaji hasara. Kwa mkulima wa ufuta vilevile, kiwavi mmoja mkubwa anaweza kumaliza majani ya mmea, lakini mayai hutagwa mojamoja na kwa kutawanyika, na wenye shamba la Lindi wana wadudu wengine wengi wa kuwahangaisha kabla ya huyu.

Nimelinganisha kizimba hiki na njia mbili nyingine. Vizimba vya kitambaa vinavyokunjwa, ambavyo huagizwa kutoka nje kwa njia ya mtandao, ni vyepesi na huhifadhika kirahisi, lakini sakafu yake ni ya kitambaa na haibebi udongo hata kidogo, miguu havina, na sisimizi hupita chini ya zipu. Ndoo ya lita 20 iliyofunikwa chandarua kilichochakaa ni ya bei ndogo kabisa na ina kina cha udongo ambacho kizimba cha shilingi 55,000 hakina; ila haionyeshi chochote, na nondo akitoka hana nafasi ya kutandaza mabawa. Kwa mtu anayetaka tu kupata nondo hai, ndoo inatosha. Kwa mwalimu anayetaka wanafunzi arobaini waone, kizimba hiki ndicho, lakini kwa masharti.

Kuhusu huduma, oda yangu ilichelewa kupita siku iliyoahidiwa, na nilijibiwa kwa maelezo ya kawaida ya mbao kutokauka. Zipu ilikatika mapema. Niliporudisha mlango ilibadilishwa bila malipo na bila maneno, jambo ninalolihesabu kwa upande wake. Anadai nusu ya fedha mwanzoni, na kwa wateja wa Mtwara, Masasi au Kilwa hupakia kizimba kwenye basi, mpokeaji akilipia mzigo huko mwisho. Kwa kuwa fremu haikunjwi, gharama ya mzigo si ndogo, na ni vyema kuulizia kabla.

Nilimweleza tatizo la trei, naye yuko tayari kutengeneza kizimba chenye sanduku la udongo la sentimeta 30 chini ya sakafu, lenye ubavu mmoja wa kioo kilichofunikwa kwa kibao cha kuvutwa ili wakati mwingine chumba cha pupa kionekane bila kufukua. Bei aliyonitajia ni shilingi 80,000. Kwa sasa, anayeagiza asiseme tu "kizimba cha viwavi", bali aandike kina cha sanduku kwenye karatasi ya oda pamoja na vipimo vingine, aombe mbao nyepesi kuliko mkongo kwa sehemu ya juu, na asilipe nusu ya pili kabla hajapima mwenyewe kwa futi.